Apolonia Klementi Upunda (1959–2025): Kwa Nini Analala Huku Juu Ngumbu

Baba Paroko, viongozi wa vijiji vyetu viwili, ndugu, jamaa na majirani, tumsifu Yesu Kristo. Na kwa ndugu zetu wa Mitondo, asalaam aleikum.

Tangu jana wengi mliofika msibani mmeuliza swali moja, wengine kwa sauti, wengine kwa kutazamana tu. Kwa nini kaburi la marehemu limechimbwa huku juu, kwenye mgongo wa kilima cha Ngumbu, wakati mume wake, mama yake na mdogo wake wamelala kule chini, ukingoni mwa bonde la Lukoho? Wapo waliodhani ukoo umegombana. Wapo waliosema ni mambo ya sisi vijana tuliosoma. Swali ni la haki, na marehemu hakuwahi kumkasirikia mtu kwa kuuliza. Wasifu huu utasimulia maisha yake kama ilivyo desturi, na jibu mtalikuta humohumo.

Marehemu Apolonia Klementi Upunda alizaliwa tarehe 14 Februari 1959 hapa Namilembe, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Klementi Upunda na Bi. Scholastica. Walimfuata Kornelio, ambaye ni baba yangu, kisha Monika, kisha Grace. Enzi hizo Namilembe haikuwa na safu za nyumba. Kila familia ilikaa kwenye mgongo wake wa kilima, shamba likiizunguka nyumba, na vijito vikiteremka kutoka pande zote hadi Lukoho. Lukoho ni bonde lile mnaloliona hapo chini, lenye matete na mikindu, ambalo hubaki na unyevu hata Oktoba, wakati vilima vyote vimegeuka rangi ya mkate.

Masika ya mwaka 1966, akiwa na miaka saba, alitoka nyumbani mvua ikinyesha na hakuonekana tena hadi jua lilipoanza kuteremka. Mzee Klementi alimkuta Lukoho, amekaa, matope yamemfika magotini. Alikuwa ameyafuata maji yaliyodondoka kutoka kwenye paa la nyumba yao, kijito hadi kijito. Alimwambia baba yake, bila hofu yoyote, "Nimeona yanakolala." Babu alitusimulia kwamba alikuwa ameshika fimbo, na akabaki ameishika tu kwa sababu hata yeye hakuwahi kujiuliza maji hulala wapi.

Alisoma shule ya msingi ya misheni hapahapa Namilembe kuanzia mwaka 1967 hadi 1973. Alikuwa mwanafunzi mzuri wa hesabu na mwanafunzi mchovu wa kushona. Mwishoni mwa mwaka ule, wakati anasubiri nafasi ya sekondari, familia zote za vilimani zilihamishiwa mahali pamoja, pembeni mwa Lukoho, ziwe karibu na huduma. Mengi mema yalikusudiwa na mengine yalipatikana, maana shule na zahanati zilisogea. Lakini nyumba zilipangwa kwa safu zilizonyooka hadi kwenye ardhi inayolowa. Masika ya 1974 vyoo vilijaa maji, maji ya vyoo yakaingia visimani, na watoto wakaanza kuharisha. Grace, mdogo wao wa mwisho, alifariki mwezi Aprili mwaka huo, kabla hajatimiza miaka miwili. Alizikwa kwenye makaburi ya ukoo, ukingoni mwa bonde.

Wiki chache baadaye alikuja mtumishi mmoja kuhesabu nyumba. Apolonia, akiwa na miaka kumi na mitano, alimpa shikamoo, akasubiri marahaba yake, kisha akamuuliza ni nani aliyechora mstari wa zile nyumba. Akajibiwa kwamba ulichorwa mjini.

"Aliyeuchora aliwahi kufika hapa masika?"

Yule bwana, ambaye marehemu alimkumbuka kwa heshima maisha yake yote, hakumfokea. Alifunga kalamu yake akasema, "Binti, ukitaka mstari upite unakotaka wewe, itabidi uwe wewe unayechora." Alisema kwa mzaha, lakini Apolonia alilichukua kama agizo.

Alisoma sekondari ya wasichana mkoani Mtwara kuanzia 1975 hadi 1978, kisha akaenda Morogoro kwenye chuo cha ardhi, ambako alihitimu mwaka 1981 katika uchoraji wa ramani. Miaka ya baadaye alirudi chuoni na kupata stashahada ya mipango ya ardhi. Aliajiriwa Lindi Machi 1982, na kwa miaka thelathini na saba alifanya kazi Lindi, Nachingwea na Liwale, akisaidia vijiji kupanga matumizi bora ya ardhi yao. Maana yake ni kukaa na wanakijiji wakubaliane pa kujenga, pa kulima, pa kulishia na pa kuacha.

Kwenye ramani nyingi alizozikuta, mabonde kama Lukoho yalipakwa rangi ileile ya ardhi isiyotumika. Naomba tulifikirie neno hilo mara moja tu, halafu tuendelee. Bonde linalohifadhi maji ya vijiji viwili, linalotoa ukindu wa mikeka yetu, kambare wa kitoweo chetu na mpunga wa sikukuu zetu, liliitwa lisilotumika kwa sababu hakuna nyumba iliyosimama juu yake. Marehemu alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kulifuta neno hilo, ramani moja baada ya nyingine, na kila mahali alianza na swali lilelile la utotoni: maji yanalala wapi hapa?

Alipenda pia kujua jinsi watu wanavyokadiria umbali kati ya nyumba na nyumba. Alikuwa na hakika kwamba hakuna watu wanaojenga ovyo, ila kuna watu ambao hawajaulizwa. Akiwa Sudi, kule kusini mwa Lindi, alishangaa kuona nyumba za wavuvi zimeachana kwa nafasi isiyofanana, upande mmoja pana, upande mwingine finyu. Aliuliza siku nzima. Mwisho mama mmoja mkaushaji wa samaki akamwambia, huku akicheka, kwamba kule jirani mwema ni yule ambaye moshi wa samaki wako haumfikii akiwa ameanika nguo. Nafasi ilifuata upepo. Shangazi alirudi Lindi amefurahi kama aliyeokota kitu cha thamani, na habari ya moshi wa Sudi tuliisikia nyumbani mpaka tukaijua kwa moyo.

Tarehe 22 Septemba 1984 alifunga ndoa takatifu na Bw. Valentini Milanzi, fundi redio wa mjini Lindi. Walikutana alipompelekea redio iliyokuwa inakoroma. Badala ya kuiacha na kuondoka, alivuta kigoda akakaa, akataka kujua kila kidude kilichomo ndani kinafanya nini. Redio ilipona, lakini kesho yake akarudi nayo, akidai inakoroma tena. Mjomba Valentini alisema aliifungua, akaona nzima kabisa, akaifunga na kumwambia irudi keshokutwa kwa uchunguzi zaidi. Walijaliwa watoto wawili, Joyce na Augustine. Walikuja Namilembe kila likizo, na jioni Mjomba alipenda kukaa karibu na Lukoho akisikiliza vyura, redio ambayo, alisema, haihitaji fundi. Aliomba azikwe hapo. Alifariki tarehe 3 Juni 2016 na tulimzika ukingoni mwa bonde, karibu na Bibi Scholastica na Grace. Kando yake tuliacha nafasi. Kila mtu alijua ni ya nani.

Marehemu alistaafu Februari 2019, akafunga nyumba ya Lindi na kurudi kuishi hapa na mdogo wake, Bi. Monika, ambaye ni msukaji wa mikeka. Alikikuta kijiji kwenye mjadala mkali. Ufuta ulikuwa umeleta watu, vijana wameoa, na serikali ya kijiji ilikuwa inafikiria kukata viwanja vidogovidogo kuizunguka Lukoho, kwa kuwa ni tambarare na ni karibu na barabara ya kwenda Kiranjeranje. Marehemu aliona safu za mwaka 1974 zinarudi. Aliomba kijiji kiandae mpango wake wa matumizi ya ardhi kwanza, na Mkutano Mkuu wa Kijiji ukamchagua kuongoza kamati.

Haikuwa kazi ya kushangiliwa. Wazo lake lilikuwa kwamba watu warudi kujenga migongoni mwa vilima, nyumba zikiachana, kila kaya na shamba lake. Shule, zahanati na maduka vingebaki kwenye ardhi kavu kando ya barabara, na Lukoho ingeachwa ipumue. Aliyempinga zaidi ni Shamte, mwenyekiti wa vijana wa bodaboda, ambaye leo ni mmoja wa waliochimba kaburi hili. Shamte alisimama mkutanoni akasema, "Mama Joyce, wewe una nyumba ya bati Lindi. Sisi unataka tukajenge kileleni kama nyani, mke wangu akishikwa na uchungu nani atajua?"

Watu walicheka. Marehemu hakucheka. Alimwomba Shamte arudie swali, kwa sababu alisema ndilo swali lenyewe. Nyumba ziachane kiasi gani ili ardhi ipumzike, lakini mwenye shida asife peke yake? Vitabu vyake vya chuo vilikuwa na namba. Alizisoma pale, na hakuna aliyeweza kuziona machoni mwake. Ndipo Bi. Monika, akiwa anasuka mkeka pembeni bila kuinua kichwa, akasema kwamba wazee wao huko vilimani walijenga kwa kadiri ya yowe. Ukipiga yowe jirani asikie aje, lakini ukigombana na mumeo asisikie.

Kamati ilikubali kwenda kulipima yowe. Asubuhi ya siku iliyofuata akina mama walisimama hapahapa Ngumbu, na Shamte na wenzake wakatawanyika migongo mingine wakatege masikio. Bi. Monika akapiga yowe. Likaitikiwa na mama wa pili, na wa tatu, kama inavyotakiwa. Shamte akapunga shati kutoka mbali kuonyesha amesikia. Wakasogea, wakapiga tena. Kila mtu alifurahia, na kati ya watu wote wale, wenye akili zao na vyeti vyao, hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba katika nchi hii yowe halipigwi kwa majaribio. Likisikika, watu huja.

Upepo ulikuwa unavuma kuelekea Mitondo, kijiji jirani. Kabla kamati haijamaliza mgongo wa tatu, watu wa Mitondo walikuwa wanapanda Ngumbu mbio, wanaume kwa wanawake, na mapanga, ndoo za maji, na machela ya kubebea mgonjwa. Mbele yao alikuwa mwenyekiti wao, Mzee Abdulrahmani, povu la sabuni shavu moja, maana yowe lilimkuta ananyolewa ndevu. Aliuliza nani amekufa. Akaambiwa hakuna.

"Nyumba gani inaungua?"

Akaambiwa hakuna.

"Basi mnafanya nini?"

"Tunapima umbali, Mzee," marehemu alisema.

Mzee Abdulrahmani aliangalia watu wake waliokuwa wanahema, akaangalia machela, akajifuta povu. "Umbali umeuona," alisema. "Sasa tupikieni."

Tuliwapikia. Wali wa Lukoho na kambare wa Lukoho, na mwenye kosa hakulalamika. Wakati wa kula, marehemu, ambaye hakuweza kumwona mgeni bila kumhoji, aliwaonyesha ramani ya bonde kama kamati ilivyokuwa imelichora. Mzee Abdulrahmani aliitazama sana, kisha akaweka kidole mahali ambapo rangi ya kijani ilikatika ghafla, kwenye mpaka wa Namilembe na Mitondo. Akauliza kama maji nayo yanaujua huo mpaka. Visima vya Mitondo vinapata maji kutoka Lukoho. Mwaka ambao watu wa Namilembe walichimba mifereji ya kukausha pembe moja ya bonde ili walime, visima vya Mitondo vilikauka Agosti, na hakuna mtu wa Namilembe aliyejua, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

"Mama Joyce," alisema, "mmechora nusu ya ng'ombe."

"Nusu ipi?"

"Inayokula. Sisi ndio tumebaki na ya maziwa, na hayatoki."

Marehemu alisimulia habari hiyo mara nyingi kuliko habari yoyote ya maisha yake, na kila mara alicheka yeye kwanza. Miaka thelathini na saba alikuwa akiwauliza watu maji yanalala wapi, na kwao mwenyewe alikuwa amekatia bonde mpakani kama mtu wa mjini. Asingegundua kosa lake kama watu wa Mitondo wasingefikiri kwamba tunakufa. Kuanzia siku hiyo kamati ikawa ya vijiji viwili, na mpango ukawa mmoja. Shamte, aliyekuwa amesikia kila yowe kutoka kila mgongo, alikuwa wa kwanza kuchagua mahali pa kujenga kilimani. Mke wake alishikwa na uchungu mwaka uliofuata. Majirani walifika kabla ya bodaboda yake mwenyewe.

Ilibaki kukubaliana bonde linaanzia wapi, ili ijulikane mwisho wa nyumba, vyoo, matanuri ya matofali na makaburi mapya. Sheria inatoa umbali kutoka kwenye chanzo cha maji, lakini ukingo wa bonde wenyewe husogea, masika kwingine, kiangazi kwingine. Marehemu alimuuliza kila anayelitumia bonde. Wategaji wa kambare walimwonyesha mahali pa mbali zaidi walipowahi kutega migono. Wakulima wa mpunga walionyesha pao. Mdogo wake, Bi. Monika, alimpeleka hadi walikokuwa wakikata ukindu wakiwa wasichana, mbali kuliko wote waliotangulia. Kamati ikachukua jibu la mbali zaidi, maana maji yakirudi yatarudi hadi huko.

Mstari ulipochorwa, makaburi ya ukoo wetu yalikuwa ndani. Bibi Scholastica, Grace, Mjomba Valentini, na ile nafasi iliyoachwa kando yake.

Bi. Monika hakuongea na dada yake siku kadhaa. Alipoongea, alisema hivi, na ameniruhusu niyaseme:

"Ningejua, ningenyamaza."

"Ndiyo maana nilikuuliza kabla hujajua," marehemu alimjibu.

Mwezi Juni 2021 mpango ulifikishwa kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji. Ulisema makaburi ya zamani yaheshimiwe na yasiguswe, lakini asizikwe mtu mwingine ndani ya mstari. Kabla ya kupiga kura, Mzee Abdulrahmani, aliyekuja kuiwakilisha Mitondo, aliomba nafasi. Alisema anayemuacha mume wake chini ya mstari amekwishatoa cha kutosha, na watu wake wako radhi Mama Joyce peke yake aruhusiwe. Mkutano mzima uliitikia kwamba ni haki. Hata Shamte alinyoosha mkono. Ilikuwa heshima kubwa kuliko zote ambazo kijiji kilikuwa nazo kumpa.

Marehemu aliinuka na kushukuru. Kisha akasema kwamba maji ya Lukoho hayatajua kuwa yeye alikuwa mwenyekiti wa kamati. Akaomba kura ipigwe kama ilivyoandikwa, na ikapigwa hivyo. Kuna watu katika nchi hii wanaoweka mistari ili wengine waishi nyuma yake. Sisi tulioshuhudia siku ile hatuna tena kisingizio cha kusema haiwezekani kuwa na wa aina nyingine.

Lakini msidhani ilikuwa rahisi, na yeye mwenyewe asingependa tuseme hivyo. Novemba 2023 aligundulika na maradhi ya figo. Alitibiwa Lindi, kisha Dar es Salaam, ambako alisafishwa damu kwa zaidi ya mwaka mmoja akiuguzwa na binti yake Joyce, ambaye ni muuguzi. Wauguzi wenzake walimjua kama mgonjwa anayeuliza mashine inapeleka wapi maji inayoyatoa. Mei 2025 aliomba arudishwe nyumbani, na tulielewa maana yake. Hapa, jioni, alikaa mlangoni akiangalia bondeni kwa muda mrefu. Alimuuliza Bi. Monika kama nyasi zimeota juu ya ile nafasi. Siku nyingine aliniuliza mimi kama mpango unaweza kufanyiwa mapitio kabla ya muda wake. Nilimjibu kwamba unaweza, Mkutano Mkuu ukitaka. Hakulitaja tena, na sikuthubutu kumuuliza alikuwa anafikiria nini.

Mwezi Julai, alipokuwa hawezi tena kutembea peke yake, alisema anataka kupelekwa Ngumbu. Habari zilienea kwamba Mama Joyce anakwenda kubadilisha mstari, na wapo waliofurahi. Mdogo wake alikuwa mmoja wao. Tulimbeba kwenye kiti hadi hapa tuliposimama. Alimtuma Bi. Monika ateremke akasimame kwenye kaburi la Valentini, na akifika huko, apige yowe. Kwanza alimwagiza Shamte apige simu Mitondo kuwatahadharisha. Shamte akatupa jibu la Mzee Abdulrahmani kama lilivyo: "Leo hampiki?"

Upepo wa kusi ulikuwa unavuma kutoka bondeni kuja kwetu. Marehemu alitukataza kumpa ishara Bi. Monika. Alisema sauti ikibebwa na upepo jibu litakuwa la upepo, kama ilivyotokea siku ya Mitondo, na yeye anataka la sauti. Tukasubiri mpaka majani ya mikorosho yakatulia. Ndipo Shamte akapunga shati.

Bi. Monika hakupiga yowe. Aliita jina tu, kama walivyokuwa wakiitana utotoni, mmoja kwenye mgongo huu na mwingine ule. "Polo!" Sauti ilipanda taratibu, nyembamba, lakini ilifika.

Marehemu alikuwa amefumba macho. Akaukanyaga udongo kwa kisigino mbele ya kiti chake, palepale lilipochimbwa kaburi hili. "Nimesikia," alisema. "Hapa panatosha." Tulipomteremsha na kukutana na mdogo wake njiani, Bi. Monika alimuuliza kwa uchungu kama kweli anakwenda kumwacha Baba Joyce peke yake kule. Shangazi alimshika mkono, akamwambia hamwachi peke yake. Amejenga jirani.

Marehemu Apolonia alifariki dunia nyumbani kwake Namilembe asubuhi ya Jumamosi, tarehe 9 Agosti 2025, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, baada ya kupokea Mpako Mtakatifu. Alipofariki, Bi. Monika alitoka nje na kupiga yowe. Watu wa Mitondo walifika wa kwanza.

Ameacha watoto wawili, Joyce na Augustine, wajukuu wanne, kaka yake Kornelio, mdogo wake Monika, na sisi watoto wa kaka yake. Tunamshukuru Baba Paroko, madaktari na wauguzi wote, na majirani wa migongo yote ya vilima, kila aliyeitika.

Baada ya mashada, kutakuwa na jambo moja ambalo halimo kwenye ratiba. Bi. Monika atateremka Lukoho hadi kaburini kwa Mjomba Valentini, na kutoka huko atamwita dada yake kwa jina. Upepo ukiwepo, tutasubiri utulie. Watu wa Mitondo, tafadhali msikimbie. Wengine wote tunaombwa kunyamaza, maana kuanzia leo hakuna atakayetupungia shati kutuambia kama sauti imefika. Itabidi tusikilize sisi kwa niaba yake.

Mungu ampokee aliyeuliza mengi, na ampe majibu yaliyosalia. Alale kwa amani hapa Ngumbu, karibu vya kutosha kusikia, na mbali vya kutosha maji yalale salama.

Wasifu umeandikwa na kusomwa na Klementi Kornelio Upunda, mtoto wa kaka yake.
Namilembe, 12 Agosti 2025.